Tarumbeta Bila Maiti

Jumatatu, 3 Hidar

Aibu ya kwanza ya wiki imefika kabla ya saa nne asubuhi. Weizero Tsehaynesh, mama msimamizi wa mchezo wetu wa redio, alisikiliza kazi yangu ya kutengeneza milio mbele ya waigizaji wote. Farasi wangu (vikombe viwili vya kahawa juu ya tofali) akasikika kama mtu anayeosha vyombo. Mvua (nafaka ya teff inayopepetwa kwenye ungo) ilisifiwa kidogo. Ngurumo (kifuniko cha kikaango cha injera, mkate wetu) ilimfanya mwigizaji mkuu aangue kicheko wakati mkewe wa mchezoni anakata roho.

Endalkachew, mpinzani wangu, alikuwepo. Miaka ishirini na sita, kompyuta moja, milio elfu kumi ya ng'ambo. Akasema kwa upole kwamba mimi ni hazina ya taifa, na hazina mahali pake ni makumbusho. Waigizaji wakacheka. Nikacheka pamoja nao. Hilo ndilo linaloniuma.

Uamuzi wa Weizero: Jumatatu ijayo anakufa bibi kizee wa mchezo. Unatakiwa mlio wa msiba wa mtaani kwetu hapa Addis, alfajiri: tarumbeta la chama cha kuzikana, mbwa, milango, watu wakitoka. Atakayeleta mlio bora ndiye atakayebaki na kazi. Endalkachew ana matarumbeta arobaini, yote ya wafalme wa watu wengine.

Mimi nina mpiga tarumbeta mwenyewe, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ushindi ni wangu.

Jumanne, 4 Hidar

Ushindi si wangu.

Nimekwenda kwa mpiga tarumbeta, mzee wetu Gashe Bezabih. Mwaka wa thelathini huu anapita mtaani alfajiri akipuliza, kisha anataja aliyefariki, na chama kinatoka na hema, mabenchi na masufuria. Nikamwomba apulize mara moja tu, mchana, kwa ajili ya redio. Akanitazama kama niliyemwomba meno yake.

Akasema tarumbeta halipulizwi bila maiti. Ni sheria ya chama, ukurasa wa kwanza. Atakayelipuliza ovyo anafutwa, yeye na nyumba yake yote.

"Na nyumba yako ni mama yako," akasema. "Etiye Yeshimebet ana miaka sabini na minane. Mkifutwa, nani atambeba? Kagonge vikombe vyako, mwanangu."

Mama akaniuliza nimetoka wapi. Nikasema nilikwenda kumjulia hali Gashe Bezabih. Akafurahi. Mama hajakosa msiba hata mmoja tangu kabla sijazaliwa. Husema bila kificho kwamba kitu kimoja tu kimembakia cha kutaka duniani: hema kubwa, watu wengi, na mabenchi yaliyopangwa sawasawa.

Jumatano, 5 Hidar

Nimefikiri kwa utaratibu. Sheria inataka maiti. Basi ni kungoja maiti.

Jirani yetu Gashe Tilaye anaumwa kifua tangu mwezi wa Meskerem. Madaktari wamemrudisha nyumbani. Nimekwenda kumtazama nikiwa na machungwa sita, na kinasa sauti ndani ya koti, kikiwa tayari. Nimemuuliza anajisikiaje. Akasema vibaya sana. Nikasema pole. Sikuipenda sauti yangu niliposema pole. Ilikuwa na uchangamfu.

Akanishika mkono. Akasema watu wote wameacha kuja, isipokuwa mimi.

Alhamisi, 6 Hidar

Nimerudi kwa Gashe Tilaye. Machungwa tena. Alikuwa amekaa kitandani. Nikamsihi alale.

Ijumaa, 7 Hidar

Gashe Tilaye ametembea hadi mlangoni kunipokea. Amekula shiro sahani nzima. Mkewe akanibusu mabega, akaniambia mimi ndiye niliyemfufua mumewe. Nikarudi nyumbani nikiwa nimevunjika moyo, kisha nikaona haya kwa kuvunjika moyo, kisha nikakumbuka Jumatatu, moyo ukavunjika upya.

Jioni nikapata wazo. Siliandiki kwa fahari.

Nilikwenda kwa Gashe Bezabih kumwomba radhi kwa maneno ya Jumanne. Nikasema kama kitubio, naomba nilichukue tarumbeta la chama nikaling'arishe. Shaba imeingia weusi, ni kweli. Mzee akalengwalengwa na machozi. Akasema vijana wa siku hizi hawana adabu kama yangu. Nina miaka arobaini na tatu. Akalifunga katika kitambaa cheupe, akanikabidhi kwa mikono miwili, nilirudishe kesho.

Nimeandika mpango. Saa kumi na moja alfajiri Mama anakwenda kanisani. Mimi naingia jikoni uani, naziba mlango kwa mablanketi. Maikrofoni nje, karibu na lango, ili mlio usikike wa mbali. Pumzi moja, fupi. Watakaosikia watadhani wameota. Sheria inakataza kupuliza mtaani, na jikoni si mtaani.

Jumamosi, 8 Hidar

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Pumzi ya kwanza: mate matupu. Ya pili: ng'ombe anayezaa kwa shida. Ya tatu ikakubali. Sijui ilitoka wapi. Ilipita kwenye mablanketi kama hayapo, ikapanda kilima, ikarudi. Mbwa wakaitikia, wa karibu kwanza, halafu wa ng'ambo ya mto. Mlango ukafunguka mahali fulani. Mwingine. Nikiwa gizani jikoni nilikunja ngumi kwa furaha. Endalkachew amekwisha!

Nikatoka nje kuzima maikrofoni. Sikuwahi.

Lango lilikuwa limejaa watu wenye mashuka meupe. Kila mtu alikuwa amesikia mlio umetokea wapi. Mama haonekani, mwanawe anatoka jikoni macho mekundu (moshi, na kupuliza). Walihitaji kuambiwa nini tena? Mke wa Gashe Tilaye akanirukia shingoni, akapasua kilio.

Hapa ndipo nilipopaswa kusema. Nilifungua kinywa kabisa. Lakini kilio kile! Miaka kumi na tisa nahangaika na waigizaji wanaolia kama mbuzi waliosahauliwa juani. Hiki kilianzia chini, kikazunguka, wanawake kumi wakakidaka, wakapiga vifua kwa mapigo mamoja, kama ngoma. Na maikrofoni ilikuwa wazi.

Nikajiambia dakika moja tu.

Kisha wakaja na nguzo za hema, za chuma, zikagongana. Nikajiambia dakika moja nyingine.

Gashe Tilaye akaletwa ameshikwa mkono, analia kwamba zamu ilikuwa yake, Yeshimebet amempita foleni. Akanikumbatia. Nikageuka kidogo ili koti lake lisizibe maikrofoni. Ndiyo. Nimeliandika.

Wa mwisho kuingia alikuwa Gashe Bezabih. Nikajua mambo yameisha. Naye akapiga magoti mbele yangu.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Tarumbeta lilikuwa kwako, ukalazimika kumpulizia mama yako kwa kinywa chako mwenyewe. Jambo hilo halijawahi kumpata mtu mtaani hapa."

Nikasema hakuna neno. Nimemsamehe Gashe Bezabih! Ardhi ingekuwa na huruma ingenimeza pale pale, na kinasa sauti changu.

Saa moja na robo Mama akaingia langoni, kitabu cha sala mkononi. Kilio kikakatika kama maji ya bomba lililofungwa. Akatazama hema. Akatazama masufuria. Akanitazama mimi.

"Nani amefariki?" akauliza.

Akazunguka hema lake polepole.

"Na mabenchi," akasema, "nani ameyaelekeza chooni?"

Jumapili, 9 Hidar

Baraza la chama limekaa baada ya ibada. Nimeingia na jiwe shingoni, kama desturi inavyomtaka anayeomba radhi. Nilikuwa nimechagua jiwe la wastani. Gashe Bezabih akaniambia niliweke chini, akanionyesha lingine.

Nimekiri yote. Jikoni, mablanketi, kung'arisha kwa uongo. Machungwa pia, maana Gashe Tilaye alikuwa amekaa mbele na niliona ni haki yake. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema machungwa yalikuwa matamu, basi.

Mwenyekiti akauliza: kosa la kupuliza tumelielewa, lakini watu walipoingia wakilia, mbona hukusema? Nikasema ukweli. Nikasema walikuwa wanalia vizuri sana.

Jiwe likazidi uzito.

Mwenyekiti akasoma ukurasa wa kwanza. Nyumba ya Wubishet, yaani mimi, ifutwe. Akachukua kalamu. Nilimwona Mama akiitazama kalamu ile. Katika maisha yangu yote sijamwona akiogopa kitu, hata baba alipofariki. Leo nimemwona.

Kisha akasimama.

"Mwenye msiba ni mimi," akasema. "Maiti ni mimi. Hakuna aliyewahi kuona mazishi yake akiwa hai ila mimi. Nimewaona waliotoka bila viatu. Nimewaona waliofika baada ya chai kuiva, na siwataji. Huyu mwanangu hana akili. Nilimzaa mimi, lawama ni yangu. Lakini jana nilijua kwamba nitaliliwa. Mkinifuta leo mtakuwa mmeninyang'anya kitu nilichokwisha kukiona kwa macho yangu."

Wanawake wakaanza kulia tena. Mikono yangu ilikuwa kwenye jiwe. Nashukuru ilikuwa kwenye jiwe, si kwenye kinasa sauti.

Wamenong'ona nusu saa. Hukumu: tunabaki, kwa masharti mawili. Nifute nilichorekodi, sasa hivi, mbele ya wote. Na nisilete chombo chochote cha kunasia sauti msibani, maisha yangu yote.

Nikafuta. Dakika mia moja na sita. Nilibonyeza kitufe mwenyewe, kama mtu anayezamisha watoto wa paka. Gashe Bezabih akachukua tarumbeta lake, akalifunua, akaligeuza juani. Halikuwa limeng'arishwa. Akaanza kulisugua mwenyewe kwa kitambaa kile cheupe. Ningependa angenigombeza.

Jumatatu, 10 Hidar

Nimekwenda studio mikono mitupu. Endalkachew akaweka tarumbeta lake la kumi na saba. Weizero Tsehaynesh akasikiliza hadi mwisho, akasema huyu bibi hafi, huyu anapokewa ikulu. Akanigeukia. Nikasema sina. Akauliza kwa nini. Nikasema ni mambo ya nyumbani.

Ameamua bibi kizee asife wiki hii. Atazidiwa tu. Tumepewa siku saba nyingine. Endalkachew akanipigapiga begani. Afadhali angenipiga ngumi.

Jioni Mama akaniita, akanikalisha, akanimiminia kahawa kwa mkono wake. Hajanigombeza tangu Jumamosi. Akasema ana ombi moja. Siku yake itakapofika, ya kweli, nisimame hapo uani kama mtoto wa mtu, nilie kama wenzangu, mikono mitupu. Niape.

Nikaapa. Kwa jina la Mtakatifu Mikaeli, msimamizi wake. Nikalia, machozi ya kweli, nikambusu magoti. Akanifuta uso kwa shuka lake, akaenda kunywa kahawa ya pili kwa mke wa Gashe Tilaye.

Nikabaki peke yangu uani. Nimejifunza, najua nimejifunza. Nikapiga kofi moja, kujiliwaza tu, nikasikiliza mwangwi wake. Jumamosi niliweka maikrofoni mahali pabaya, pale langoni pana upepo. Kona ya tangi la maji ndiyo penyewe. Ukuta unarudisha sauti kavu, safi, na hema likiwekwa lilipowekwa juzi haliizibi.

Nimepawekea alama ya chaki. Ndogo sana, Mama hataiona. Na kwa kuwa mvua inaweza kuifuta, vipimo ni hivi: hatua tisa kutoka langoni, mbili kutoka tangini, kimo cha kifua.