Nondo wa Bryson

Jumatatu, 4 Machi 2024
Mwanangu Bryson kafunga mtego shambani kwangu! Wa kwanza kijiji kizima cha Tlawi. Taa ya sola juu ya nguzo, beseni la maji ya sabuni chini. Nondo anafuata mwanga, anazama, hatagi mayai, viwavi hawali mahindi. Ni kazi yake ya kwanza tangu amalize chuo miaka minne iliyopita, na bado ya majaribio. Bwana Wilbard wa mradi wa mitego akiridhika, atamwajiri. Marehemu mume wangu Tomaso angeona! Bryson anazunguka kijiji cha Bashay kufunga mingine, daftari la kuhesabu kaniachia mimi. Darasa la saba nilimaliza. Kuhesabu najua.

Jumanne, 5 Machi
Nondo 23. Jirani yangu Ludovika, aliyefungiwa mtego wa pili, ana 61. Akauliza kama taa yangu inaumwa macho. Nilicheka, mdomo tu.

Jumatano, 6 Machi
Nimefagia chini ya taa za kanisani kabla ya misa. Kopo zima la nondo! Nikamwaga kwenye beseni. Nimeandika 214. Ludovika leo haulizi habari za macho. Raha!

Ijumaa, 8 Machi
390! Bryson kapiga simu, sauti imemshuka. Anasema idadi hiyo inatisha, imebidi amwambie Bwana Wilbard, kesho wanakuja. Nikamwambia ajivunie. Jogoo mwekundu atachinjwa.

Jumamosi, 9 Machi
Jogoo hakuguswa. Bwana Wilbard alichota nondo, akawatazama kiganjani. Wengine wamefungwa utando wa buibui. Akauliza kama siku hizi buibui wa Tlawi wanaogelea. Akauliza nani alihesabu.
Nikasema jogoo anapoa.
Bryson akasema ni yeye. Wote, yeye. Hakunitazama. Kazi ikaishia pale pale, na taa ikang'olewa, ikabaki nguzo tupu.
Ludovika akaja. Nikajiandaa kwa kejeli. Kumbe kaleta maziwa, kakaa nami. Afadhali angenicheka.

Jumapili, 10 Machi
Bryson kapanda basi la asubuhi kwenda Babati, kutafuta kibarua cha ujenzi. Alinipa shikamoo, akanishika mkono muda mrefu, akaniomba nisimsaidie tena. Mtoto ana adabu huyu!
Kanisani nimewaambia kahamishiwa makao makuu. Ludovika akatazama viatu vyake.
Wakati wa kutoka nikapita chini ya zile taa. Nimeokota nondo 62. Safari hii nimewatoa utando, mmoja mmoja. Bryson akirudi atawakuta.