Malalamiko Kuhusu Bi Odessa na Taa Yangu ya Nyuma

Kwa Mkurugenzi wa Redio,
Fairlow, Georgia.

Bwana Mkurugenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watumishi wako wote. Hata Bi Odessa Pettaway wa kipindi cha asubuhi namwombea afya njema, ila koo lake ningependa likauke kidogo.

Mimi ni Lucius Tolliver, mtu mweusi, dereva mstaafu wa basi la shule. Miaka thelathini na moja sikugonga hata pipa la taka. Malalamiko yangu ni haya:

1. Bi Odessa ameninyang'anya imani. Kila niliposimamishwa na polisi kwenye barabara ya kinu, niliambiwa taa yangu ya nyuma haiwaki. Nikaamini. Nimebadilisha balbu mara kumi na moja. Fundi Cleotha alinicheka, "Mzee, hii balbu ni nzima kuliko wewe!" lakini nililala usingizi wangu. Mwezi Machi, Bi Odessa akawaomba wasikilizaji weusi wapige simu, waseme husimamishwa kwa kosa gani. Wakapiga arobaini na watatu. Thelathini na tisa wakasema taa ya nyuma. Akauliza, "Jamani, hivi balbu nazo zinajua rangi ya dereva?" Tangu siku hiyo silali.

2. Ameharibu ibada. Mchungaji alikuwa akituombea subira, tunaitikia amina, tunakwenda kula kuku. Sasa akitaja subira tu, mama mmoja wa kwaya husimama: "Mpaka lini, Mchungaji? Taja tarehe." Kuku anapoa.

3. Jirani yangu Bwana Haskell ni mzungu, mwenzangu wa kuvua kambare. Alisikiliza kipindi, akaja barazani kwangu kofia mkononi. "Lucius, taa yangu imevunjika tangu binti yangu aolewe. Nimeizungushia utepe mwekundu. Sijasimamishwa hata siku moja." Binti huyo sasa ana watoto watatu. Bwana Haskell akalia, ikabidi mimi ninayesimamishwa nimbembeleze yeye asiyesimamishwa, na pai yangu ya pichi akaimaliza.

Jumamosi tukaamua kuhakikisha. Yeye akatangulia na utepe wake, mimi nikafuata na balbu mpya. Polisi akampungia mkono, akanisimamisha mimi. Haskell akarudi mbio kwa miguu: "Afisa, mbovu ni yangu!" Akajibiwa, "Mzee, wewe endelea na safari yako."

4. Hili ndilo zito. Mjukuu wangu Renita amepata leseni. Nilikuwa nimemwandalia somo moja jepesi: kagua taa zako, hakuna atakayekugusa. Badala yake nimemkalisha jikoni nikamfundisha kuweka mikono juu ya usukani, vidole vionekane, asichukue kitu bila kusema kwanza. Akaniuliza, "Babu, kwani kosa langu litakuwa lipi?" Swali lile lilimstahili Bi Odessa, lakini yeye hakuwa jikoni kwangu.

Bwana Mkurugenzi, zamani nilidhani nina bahati mbaya. Bahati mbaya ni ya mtu mwenyewe, huibeba akanyamaza. Huyu mama ameniambia kuwa ni mpango, na mpango una wenyewe, na wenyewe wanajulikana.

Kwa hiyo naomba mumhamishie kipindi cha mapishi. Najua mlijaribu mwaka juzi, akaanza na maharage akaishia kuzungumzia mahakama ya kaunti. Basi mpeni hali ya hewa.

Nisalimie fundi mitambo wenu, na mama wa mapokezi anayenikatia simu kwa adabu.

Ni mimi msikilizaji wako ninayeteseka,
Lucius B. Tolliver

Nyongeza: Leo baada ya ibada, bwana mmoja wa ofisi za kaunti amekuja na karatasi ya kukusanya saini ili Bi Odessa aondolewe hewani. Nilifurahi, nikatoa kalamu. Nikamwuliza yeye amekosewa nini. Akasema, "Hakuna aliyekosewa, mzee. Ila watu walikuwa wametulia." Nikairudisha kalamu mfukoni.

Tafadhali ichane barua hii. Ijumaa nakuja studio. Mwambie Bi Odessa aniwekee kiti karibu na kipaza sauti. Nikianza kutetemeka asiingilie kati. Anipe maji tu, nitaendelea.