Kitambaa Chekundu cha Ghorofa ya Nne

Jumatatu, 25 Agosti
Habari njema! Mzee Udagawa anastaafu. Kitambaa chekundu anachovaa mkononi Mkuu wa Usalama wa ghorofa ya nne kinatafuta mkono mpya, na wangu uko tayari tangu zamani. Mzee ametangaza kwamba Jumatatu ijayo, siku ya mazoezi ya tetemeko, tutajifanya treni zote zimekatika. Anayetaka cheo atembee kutoka ofisini hapa Shinjuku mpaka kwake. Atakayempigia simu kwanza kutoka nyumbani ndiye mrithi.

Nikanyoosha mkono. Kabla sijaushusha, Bi. Hirasawa wa idara ya malipo naye kanyoosha. Anakaa Chofu, mtaa wa pili kutoka kwetu. Njia yetu ni moja. Ni mama wa makamo, tena mwenye miguu mifupi. Nimemhurumia.

Jumanne, 26 Agosti
Nimekwenda Kappabashi, mtaa wa maduka ya vyombo vya jikoni, kuchagua kisu. Nimeshika vyote dukani. Muuzaji akaniuliza nitakatia nini. Nikamwambia, chochote kitakachonizuia. Akanionyesha kidogo cha kukunja, ati kwa mjini kinatosha. Mimi!

Nimechukua mfalme wao. Chuma kimoja kutoka ncha mpaka mwisho wa mpini, makali ya shubiri nzima, mgongo mnene. Yule binti muuzaji akanitahadharisha kwamba kutembea mjini na kisu kirefu hivyo bila sababu ni kosa. Nikamjibu kwamba sababu ninayo: tetemeko. Akauliza limetokea lini. Vijana wa siku hizi ni wabishi.

Alhamisi, 28 Agosti
Nimefunga begi. Turubai, kamba, jiko la gesi, mikebe ya samaki, maji, choo cha kukunja, tochi mbili (ya pili ya kuitafutia ya kwanza). Kisu nimekiweka juu kabisa. Dharura haisubiri mtu apekue.

Mke wangu kasimama mlangoni akaniuliza, "Baba Sayo, unarudi nyumbani au unahama?" Sikumjali. Nikakaa sakafuni, nikavaa mikanda, nikasimama. Yaani nikajaribu kusimama. Mama Sayo akanivuta kwa mikono miwili huku akicheka mpaka akakaa yeye. Akanikumbusha kwamba njia nzima ya Chofu ina duka la vyakula kila kona. Nikamwuliza, na yakianguka yote? Akasema basi na nyumba yetu nayo itakuwa chini, sasa unarudi kufanya nini? Nimeongeza mikebe miwili.

Ijumaa, 29 Agosti
Nimechungulia chini ya meza ya Bi. Hirasawa. Raba, chupa ya maji, tonge la wali lililofungwa kwa mwani. Basi! Maskini ya Mungu.

Lakini raba zile zimenitia wasiwasi. Nikawaza: mwenye mzigo mzito huchelewa. Mchana nimemletea zawadi, bati kubwa la biskuti za dharura, nikasema ni kwa ajili ya usalama wake. Kainama kushukuru, tena na tena. Zawadi haitupwi. Atatembea nayo tu! Akili ni mali.

Jumatatu, 1 Septemba
Mkosi mtupu. Kumbe bati alilipeleka kwake Ijumaa ile ile, kwa treni. Hilo sikuliwaza. Nilisahau pia kwamba zawadi hurudishwa kwa zawadi. Dakika ya kuondoka, mbele ya ghorofa nzima, kanikabidhi sanduku la mapea kutoka shambani kwa dada yake. Nifanyeje? Nimeinama, nikapokea, nusura nisiinuke.

Kona ya kwanza tu, simwoni. Nilijikongoja mpaka mtaa wa Sasazuka, nikakaa kupumua kwenye ngazi za kibanda cha polisi. Kofia ngumu kichwani, barakoa usoni, begi mgongoni, mapea kifuani. Askari kijana, mwenye adabu zake, akaniomba nifungue begi.

Kisu kikatangulia. Akakipima kwa rula. Akauliza sababu. Nikasema, tetemeko. Akatazama nje: watu wananunua aiskrimu. Nikasema basi, ni cha kumenyea mapea. Akatazama mapea, akatazama kisu, akauliza, "Mzee, mapea haya yamekukosea nini?"

Kisu kikabaki kwake. Nami nisingetoka mpaka aje mtu wa kunidhamini. Mama Sayo alikuwa kwenye kwaya, kazima simu. Askari akapiga ofisini. Mzee Udagawa akampigia aliye karibu nami zaidi njiani.

Bi. Hirasawa alikuwa ameshafika mbali. Akageuza. Akaja, akainama, akatia sahihi kunichukua, kama mtoto aliyepotea sokoni. Kisha akabeba mapea yeye. Tukatembea pamoja tukiyala bila kumenya. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Akasema tu, "Twende polepole, Bwana Nagumo, nyumba haikimbii." Niliona haya, kweli kabisa. Nilitaka kumwambia kitambaa ni chake.

Halafu tukafika kwenye kona yake, tukaagana, na nikatimua mbio. Begi nilibwaga kwa muuza maua. Nilifika nahema, nikapiga simu. Wa kwanza! Mzee Udagawa akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, leo nani kamrudisha nani nyumbani? Nikarudia kwamba simu ya kwanza ni yangu. Akasema asante, akakata.

Jumanne, 2 Septemba
Bi. Hirasawa amevaa kitambaa. Kinampwaya. Kanitaka niwe msaidizi wake. Nimekubali, ili niwe karibu nacho.

Jumamosi, 6 Septemba
Kitambaa ni cha mwaka mmoja. Mwakani ni zamu yangu, kwa hiyo nimekaa na kutafakari kwa kina, bila kujionea huruma, ni wapi nilikosea. Jibu nimelipata. Ni kisu. Kilikuwa kifupi mno. Mtu anakipima kwa rula, anamaliza, anaanza maswali.

Asubuhi nimerudi Kappabashi kununua msumeno. Nimekwenda na rula yangu mwenyewe, nikachagua ule ulioizidi.