Ethi Ndani ya Vyungu vya Asumini

Jumamosi, 15 Februari 2025

Mke wangu Rukaiya ameondoka. Alishika mlango wa friji kwa mkono wa maji, friji likampiga shoti, jagi la juisi ya ukwaju likavunjika. Amemchukua mtoto wetu Wanu, wamekwenda kwao Chukwani. "Sirudi miye mpaka mkaguzi wa umeme aipitishe nyumba hii," alisema. Nilimwambia ni shoti ndogo tu, mimi hunipiga kila siku. Nadhani hapo niliharibu.

Mama mkwe amepiga simu kuuliza kwa nini simwiti Shaame. Shaame ni kaka yake Rukaiya, fundi umeme wa mahoteli ya Uroa. Kila akija hutazama swichi zangu kama daktari atazamavyo donda. Hatagusa kitu hapa! Mimi ni karani wa mizigo bandarini Malindi, hapa Unguja. Kazi yangu ni kusoma kanuni na kutafuta pa kupita.

Jumapili, 16 Februari

Nimeazima kitabu cha kanuni za umeme. Kumbe nyumba haina ethi, yaani njia ya kuupeleka ardhini umeme uliopotea. Kitabu kinataka nondo ya shaba ya mita moja na nusu, izikwe kwenye udongo wenye unyevu. Nimeinunua na kuigonga uani. Shubiri moja, jiwe. Kona nyingine, jiwe. Bi Mwanakheir, jirani yetu, alichungulia dirishani. "Muhiddin, wachimba kisima?" Nilimjibu kwa heshima kwamba natekeleza kanuni. Mkono umevimba.

Jumatatu, 17 Februari

Nimeipata! Kitabu kinataka udongo wenye unyevu. Hakikusema ukae wapi. Rukaiya ana vyungu vitatu vya asumini uani, na udongo wake haukauki. Nondo ilikuwa ndefu, nimeikata vipande vitatu, kimoja kila chungu, nikaviunganisha kwa waya mpaka kwenye friji. Ukijumlisha, mita moja na nusu kamili. Urefu umetajwa, vipande havikutajwa.

Nilimpigia Rukaiya. Aliuliza maua yake yanaendeleaje. Nikasema yamepata kazi. Ramadhani inakaribia, na futari ya kwanza nataka niile naye.

Jumatano, 19 Februari

Nimelishika friji kujaribu. Limenipiga. Nimeongeza maji kwenye vyungu.

Alhamisi, 20 Februari

Mkaguzi amekuja, mama mpole aitwaye Bi Ilham. Nilimwonyesha mstari wangu kitabuni. Alipima kwa kifaa chake, akatazama vyungu, akatoka nje kidogo. Nahisi alikwenda kucheka. Aliporudi alinieleza kwamba umeme lazima uifikie ardhi yenyewe, na chungu hakina pa kuupeleka. Akaniomba nifunue ukurasa wa pili. Penye jiwe, chimba mtaro, laza mkanda wa shaba. Huko nilikuwa sijafika. Niliacha kusoma pale maneno yaliponiridhisha.

Kisha akasema bila kucheka kwamba friji lile lingeweza kumuua mtoto. Niliogopa kweli. Nilikuwa nauona mkono wa Wanu kwenye ule mlango. Nimezima umeme wote, nikampigia Shaame.

Jumamosi, 22 Februari

Nilingoja masimango. Shaame alitazama vyungu kimoja kimoja. "Shemeji, umeme nshaufunga kila pahala, lakini kuupanda kama ua sijaona." Akapiga picha, na picha ikafika Chukwani kabla ya adhuhuri. Tumechimba mtaro pamoja mpaka magharibi. Ni mtu mzuri, ila asijue nimeandika hivi.

Jumatatu, 24 Februari

Bi Ilham ameipitisha nyumba. Rukaiya amerudi! Aligusa friji kwa ncha ya kidole, kisha kwa kiganja kizima. Anasema alipoiona ile picha alicheka mpaka mama yake akadhani analia. Anasema mume anayeyaingiza maua ya mkewe kwenye umeme ili mke arudi hafai kuachwa peke yake. Nimefurahi mno.

Jumanne, 25 Februari

Rukaiya alitaka jiko la gesi kwa ajili ya futari, nimeshalinunua. Shaame amesema atakuja kulifunga. Nimemwambia asisumbuke, maelekezo yamo ndani ya boksi. Ni kitabu kizima. Nimesoma ukurasa wa kwanza na uko wazi kabisa: mtungi ukae penye hewa ya kutosha.

Nimeuweka stoo isiyo na dirisha, nikauwekea feni. Mabegi aliyorudi nayo Rukaiya bado yako mlangoni, na sijui anangoja nini kuyafungua.