Malalamiko Kuhusu Samli Yetu na Kipara cha Mmarekani

Kikundi cha Samli Safi ya Tana,
Garsen.
9 Julai 1999

Kwa Bi. Margaret, Meneja,
Kampuni ya Sikio la Jina,
Nairobi.

Bi. Margaret mheshimiwa,

KUH: KUCHUJIWA TAKATAKA

Natumai hujambo, na kompyuta zenu hazijambo. Sisi wa Garsen tu wazima, ila tumechoka kusoma.

Utakumbuka kwamba Abdulsalam, mwenye duka la Mombasa anayenunua samli yetu, alituandikia kuwa watu wanaisema vibaya hata kwenye Intaneti. Akasimamisha ununuzi mpaka ajue ukweli. Akina mama wamebaki na madebe yamejaa majumbani, na mwenyekiti wetu Mama Hawo akanituma mimi, katibu wake, nikutafute. Kazi tuliyokupa ni moja tu: utuletee linalosemwa juu ya Samli Safi ya Tana. Wewe umetuletea mafurushi ya karatasi zilizochapwa kutoka Intaneti. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hatukuuliza habari za Ziwa Tana la Ethiopia. Tunashukuru kujua lina visiwa na watawa, lakini hakuna mtawa aliyewahi kununua samli kwetu. Vilevile yuko bibi mmoja wa Ulaya aitwaye Tana, ambaye paka wake amezaa. Tumempa hongera.

2. Dawa ya kuotesha nywele. Hakuna furushi lisilo na tangazo la huyu Mmarekani anayeiuza, na kipara chake. Basi linalotuletea mizigo husindikizwa na polisi wenye bunduki kwa sababu ya majambazi wa njiani, kwa hiyo serikali yetu sasa inalinda kipara cha mtu kwa risasi. Dawa ya kupunguza unene nayo nilimsomea Mama Hawo siku ile ng'ombe waliporudi kutoka malishoni wamebaki mifupa. Akaniuliza kama wanayo ya kunenepesha.

3. Wauzaji hawa wote huanza kwa kutusalimu, "Rafiki mpendwa." Mzee Diba, mshauri wetu, alisema salamu ni lazima ijibiwe, haidhuru imetoka kwa nani. Tukamjibu kila mmoja kwa adabu zetu: tukamuuliza mvua, mifugo, watoto na wazee wake, na wewe mwenyewe ukayapiga majibu hayo kwenye kompyuta na kuyatuma. Sasa wamezidi maradufu, na hakuna hata mmoja aliyetuambia watoto wake wanaendeleaje. Nawe unaniandikia kwamba kosa ni letu, tusingewajibu wasingeongezeka. Bi. Margaret, huko Nairobi mtu akisalimiwa hunyamaza? Poleni sana.

4. Hili limeniuma. Katika mafurushi yote, ukurasa mmoja tu ndio uliotuhusu. Mama mmoja wa Lamu anayeishi Kanada aliandika kwamba dadake alimpelekea debe letu, akalifungua, likanuka mafuta ya mgando, yale ya kupikia ya dukani. Ukurasa huo mliubana kati ya tangazo la bahati nasibu na la kipara, na Hodan, binti wa Mama Hawo, nusura auwashie jiko. Jina letu linachafuliwa duniani, nasi huku tunasoma habari za paka.

Hapa kwetu samli ikishachemka huchujwa, na mtoto wa miaka saba anajua kipi kimwagwe. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, nanyi mchuje hivi. Ukurasa usiotaja samli, tupa. Ukitaja samli isiyo yetu, tupa. Ikiwa ni yetu na msemaji hajaionja, tupa. Aliyeionja bila kuinunua ni mdoezi, tupa. Anayesifu bila kuagiza anatupotezea wakati, tupa naye. Na anayetusema vibaya, kwa kuwa sisi ndio tunaojua kilichomo ndani ya madebe yetu kuliko mtu aliyeko Kanada, huyo ni takataka kuliko wote, atupwe wa kwanza. Kitakachobaki ndicho mtutumie. Kisipobaki kitu, nitamwandikia Abdulsalam kwamba Intaneti nzima haina neno baya juu yetu, aanze kununua.

Nisalimie wote hapo ofisini, mlinzi wenu, na yule anayefunga mafurushi kwa kamba isiyofunguka. Mama Hawo, Mzee Diba na Hodan wanakusalimu.

Ni mimi, mwenye subira iliyobaki kidogo,
Dhadho Wario,
Katibu.

Baada ya kutia sahihi: Nilikuwa natafuta bahasha basi lilipofika na debe moja lililorudishwa na Abdulsalam. Mama Hawo amelifungua, akaonja mbele yetu sote. Ni mafuta ya mgando yaliyochanganywa na samli. Kila nyumba hapa huchora chini ya debe lake alama ile ile ya ng'ombe wake, kwa hiyo tukaligeuza. Alama ni ya kwangu. Mke wangu Bahiya ndiye hujaza madebe yetu, nami sijathubutu kumuuliza, maana maziwa yalipokauka kiangazi kilichopita, ni mimi niliyemwahidi Abdulsalam madebe ambayo ng'ombe wetu hawakuwa nayo. Nimeona haya hata kukaa karibu na wenzangu. Tafadhali usitupe kitu. Na ukimpata mwingine anayetusema vibaya, ukurasa wake uuweke juu kabisa.