Aika Amejibu ONDOA

Jumatatu, 4 Mei 2009
Aika ameniacha! Jana alitoka kanisani moja kwa moja hadi kwa mama yake, kijijini Kikwe. Simu zangu hapokei. Kisa? Niliwatumia wateja wangu wote wa vifaranga ujumbe wenye namba yake, bila kumwuliza. Wakampigia ibadani mpaka mchungaji akakatiza mahubiri. Sasa kuwa na wateja wengi ni kosa? Nimekula mkate mkavu nimesimama. Nyumba imepoa.

Jumanne, 5 Mei
Nimepata akili! Ujumbe wa biashara, ule ninaolipia kampuni ya SMS initumie, hauonyeshi namba yangu, unaonyesha VIFARANGA. Lazima ataufungua. Nimeandika: Aika mke wangu, nakuletea isale. Sisi Wachaga ukiletewa jani la isale kuombwa msamaha, huna ujanja, unasamehe. Hope, dada anayekagua jumbe kwenye ofisi ya huduma hiyo, akaukataa. Akauliza kama Aika ameridhia kutumiwa. Nikasema ni mke wangu. Akasema hata mke huulizwa. Tena lazima mtu aambiwe kwamba akichoka ajibu ONDOA. Masharti kama ya mahari! Nikaapa ameridhia. Ukaenda.

Jumatano, 6 Mei
Aika amejibu! ONDOA.
Nimekaa bandani na vifaranga, machozi yakanitoka. Nikaenda ofisini kwa Hope, kasema aliyejitoa hatumiwi tena, basi. Nikambembeleza. Akanipa leso, lakini sheria hakuilegeza. Manase, mpinzani wangu sokoni Ngaramtoni, amenipa pole na chai. Anajifanya mwema ili anichukulie wateja. Chai nimekunywa.

Alhamisi, 7 Mei
Mama mkwe kapiga. Nikampa shikamoo mara mbili kwa woga. Akauliza tangu lini jani likapita kwenye simu. Isale hushikwa mkononi, akasema, na mwenye kosa huja mwenyewe. Halafu akashusha sauti: ule ujumbe Aika hajaufuta, anausoma akidhani haonekani.
Nikakata isale uani, nikaenda mbio. Aika alikuwa anapukuchua mahindi. Hotuba yote ikanitoka kichwani. Nikapiga magoti, nikasema nimekosa, nakupenda, bila wewe siwezi hata kuchemsha maji. Akamaliza kwanza gunzi lililokuwa mkononi! Mwisho akalipokea jani, akasema nimekonda. Akaenda kuchukua mkoba wake. Tumerudi pamoja.

Ijumaa, 8 Mei
Aika anaimba jikoni. Mungu ni mwema, sitaki kingine duniani.
Ila nimewaza. Wanaume wangapi hapa Arusha wamekimbiwa na wake zao, na uani kwao hakuna hata jani moja la isale? Huduma mpya! Mume ananipa namba ya mkewe, mimi namtumia mke isale kwa SMS. Manase atakoma! Ujumbe wa kwanza uko tayari. Najua Hope atauliza kama hao wake wameridhia. Nitawauliza, nikishawatumia.