Wanasayansi Waache Kueleweka

Ndugu Mhariri wa Blogu ya Wanasayansi wa Tabianchi,

Natumaini nyote hapo ofisini ni wazima, ingawa mimi mmeninyima usingizi. Mimi ni dalali wa viwanja. Kwa heshima zote, nawaomba mfunge blogu yenu, au angalau muirudishe kwenye lugha ambayo sisi wananchi hatuielewi. Sababu zangu ni hizi:

1. Zamani mlikuwa wasomi wenye adabu. Mlikutana hotelini, mkaonyeshana michoro, mkapigiana makofi, mkarudi makwenu. Siku hizi profesa mzima anaeleza joto la bahari kwa mfano wa sufuria! Hamwoni haya? Shahada zote zile, halafu mnaeleweka hata na mafundi cherehani?

2. Mnawajibu watu. Kinyozi wangu aliwauliza: kama dunia inapata joto, mbona jana alivaa sweta? Badala ya kumpuuza, mkamfafanulia tofauti ya baridi ya siku moja na mwenendo wa miaka mingi. Sasa kila nikienda kunyolewa nasomeshwa, na kwa kuwa wembe uko shingoni, siwezi hata kubisha.

3. Mmeingilia kazi yangu. Mimi mteja humpeleka bondeni wakati wa kiangazi, ardhi imekauka hadi inavutia. Mkaandika kwamba mvua kubwa zitazidi, na kwamba mnunuzi atazame kwanza mstari wa matope kwenye kuta za majirani. Nikazipaka kuta hizo chokaa, tena kwa gharama zangu. Mkaandika tena: ajihadhari na chokaa mpya! Huo si utafiti, ni umbea.

4. Leo mwananchi ameelewa mvua. Kesho atataka kuelewa mkataba kabla ya kutia sahihi. Nchi itaendeshwa vipi?

Wasalimieni wakubwa, makarani, dereva, na mama anayewachemshia chai.

Wenu asiyetaka kuelimishwa,
Dalali wa Bondeni

Tanbihi: Mdogo wangu wa kike, niliyemuuzia kiwanja cha chini kabisa, anahamia huko Jumamosi na wanawe. Nimemsomea makala zenu zote, nimemsihi asubiri mvua zipite. Anacheka tu. Anasema kungekuwa na hatari, kaka yake asingemuuzia. Tafadhali mwandikieni nyinyi, upesi, kwa lugha nyepesi kabisa. Jamani, naogopa.